Uzito Ukigoma Kushuka, Anza na Dumu la Alizeti

Kilo za kwanza zilitoka bila ugomvi. Uliacha soda, ukaachana na chipsi mayai za jioni, ukaanza kutembea alfajiri kuelekea Ziwa Singidani, na kila ulipopanda mizani ukakuta namba imeshuka. Kisha ikagoma. Mwezi wa pili huu namba ni ileile, nawe unaapa kwamba hujabadilisha chochote. Wengi wakifika hapa hususa na kurudia ulaji wa zamani, au hujikomoa kwa kukata mlo wa usiku kabisa. Anayesusa hurudisha kilo zote. Anayejikomoa hudumu siku chache, njaa ikamshinda, akala kwa kulipiza.

Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, nakuomba uchunguze kwa mpangilio, ukianzia pale penye uwezekano mkubwa. Na kwa anayeishi Singida, iwe mjini, Kiomboi, Ikungi au Manyoni, pale penye uwezekano mkubwa ni kwenye mafuta ya kupikia.

Thibitisha kwamba umegoma kweli

Wiki mbili bila mabadiliko hazina maana yoyote. Mwili hubeba maji mengi, na maji hupanda na kushuka kuliko mafuta. Mlo wenye chumvi nyingi jana usiku, siku za karibu na hedhi, au misuli iliyochoka kwa kazi mpya, vyote vinaweza kuongeza kilo moja au zaidi kwenye mizani bila gramu moja ya mafuta kuongezeka. Hata zile kilo za mwanzo zilizokufurahisha, sehemu yake ilikuwa maji: mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukipunguza chakula, akiba hutumika na maji yake huondoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza hudanganya kwa wema, na wiki ya sita inaonekana katili.

Basi subiri wiki nne. Pima kwa mizani moja tu, asubuhi, umeshatoka chooni na hujanywa chai. Ukipima leo famasi, kesho zahanati, keshokutwa kwa kijana wa mizani ya mtaani, unalinganisha mizani na mizani, hulinganishi mwili na mwili.

Ongeza kipimo cha pili kisichohitaji fedha. Chukua uzi mrefu, mtu akupime kutoka utosini hadi kisigino, ukate hapo. Ukunje katikati, kisha uzungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni hali njema. Zisipokutana, pima pengo lililobaki kwa futi ya fundi cherehani na uliandike. Mwezi ujao rudia. Pengo likipungua wakati mizani imesimama, mafuta ya tumboni yanaondoka. Endelea ulivyo, wala usiguse kitu. Mafuta ya tumbo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na shinikizo la damu, kwa hiyo uzi huo unakuambia jambo la maana kuliko mizani.

Kama wiki nne zimepita, mizani haijasogea na pengo la uzi halijapungua, umegoma kweli. Sasa twende kwenye sababu.

Mwili mdogo una matumizi madogo

Tuseme ulianza na kilo 92: kila hatua ilikuwa inabeba kilo 92. Sasa unabeba 82. Moyo, mapafu na misuli vina kazi ndogo zaidi, hivyo vinatumia nishati kidogo zaidi, na juu ya hapo mwili wenyewe hubana matumizi kwa kuwa unaona akiba inapungua. Mwaka 2016 Kevin Hall, mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, pamoja na wenzake, walikadiria kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikipanda kwa kama kalori 100 kwa siku. Weka hesabu hiyo kwenye kilo zako 10. Mwili umeacha kuchoma kalori 200 hadi 300 kila siku, na wakati huohuo unakusukuma ule zaidi. Chakula kilekile kilichokupunguza mwezi wa pili, mwezi wa saba kinatosha kukuweka palepale.

Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wakijilaumu kwa uvivu au wakidhani wamerogwa, na wengine wakiamini mwili wao ni wa ukoo mnene usiobadilika. Kugoma ni kawaida ya mwili unaojilinda. Kinachotakiwa ni kutafuta hizo kalori 200 au 300 zilipo na kuziondoa bila kujinyima lishe.

Na hapa kuna tatizo la macho yetu. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichukua watu waliodai kula chini ya kalori 1,200 kwa siku bila kupungua. Walipopimwa kwa njia za maabara, matumizi ya nishati ya miili yao yalikuwa ya kawaida. Ila walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichoandika, na mwendo wao wa mwili ulikuwa mdogo kuliko walivyodhani. Kilichowaponyoka ni vitu visivyoonekana sahanini. Kwetu, kitu cha kwanza kisichoonekana sahanini ni mafuta.

Dumu

Singida ni nchi ya alizeti. Shamba linalimwa nyumbani, mbegu zinakamuliwa kwenye mashine ya mtaani, mashudu yanakwenda kwa mifugo na mafuta yanarudi nyumbani kwenye dumu la lita tano au ishirini. Hayanunuliwi kwa kipimo cha dukani kama anavyofanya mpangaji wa Dar es Salaam, kwa hiyo hayaoneshi uchungu yanapomiminwa. Mkono unainamisha dumu, sufuria inapokea, kitunguu kinaogelea. Hiyo ni neema, na mafuta yenyewe ni mazuri: hayana lehemu, yana vitamini E kwa wingi. Lakini wengi wamesikia "hayana lehemu" wakaelewa "hayanenepeshi". Gramu moja ya mafuta yoyote, ya alizeti, ya mawese au samli, ina kalori 9. Gramu moja ya wanga ina 4.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kama kalori 120. Lita moja ina zaidi ya 8,000. Sasa fanya hesabu ya nyumba yako. Familia ya watu watano inayomaliza lita moja kwa siku tano inatumia mililita 200 kwa siku, yaani mililita 40 kwa kila mtu, sawa na kalori kama 330. Linganisha na zile 200 hadi 300 ambazo mwili wako umeacha kuzichoma. Ukipunguza mafuta kwa nusu, sehemu kubwa ya pengo imeshazibwa, na ugali wako haujaguswa.

Ili ujue ukweli wa nyumba yako, weka alama kwenye dumu kwa kalamu leo asubuhi, andika tarehe, kisha usibadilishe upishi. Baada ya siku saba angalia mafuta yameshuka kiasi gani. Nakusihi ufanye hivi hata kama una hakika kwamba kwenu mnatumia kidogo. Ukishajua, hamisha matumizi ya wiki kwenye chupa ndogo. Kwa watu watano, robo tatu ya lita kwa wiki inatosha kabisa: ni kijiko kimoja na nusu hivi kwa mtu kwa siku. Dumu lirudi stoo. Chupa ikiisha kabla ya wiki kwisha, siku zilizobaki ni za kuchemsha.

Kupika kwa mafuta machache kuna ufundi wake. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja, kikianza kushika chini nyunyizia maji badala ya kuongeza mafuta, funika, acha kilainike kwa mvuke. Nyanya zitamalizia kazi. Kuku wa kienyeji ana sifa nchi nzima na hahitaji kuzamishwa kwenye karai. Mchemshe na tangawizi na chumvi kidogo, engua mafuta yanayoelea juu, umbanike makaa kama unataka harufu ya moshi. Ngozi mwachie mwingine.

Mlenda ndio rafiki yako mkubwa, na inasikitisha kwamba wengi wakihamia mjini wanauona chakula cha shida. Sahani nzima ya mlenda uliopikwa bila mafuta ina kalori chache sana, inajaza tumbo na inateremsha ugali vizuri. Ukiungwa karanga, pima: kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa kina karibu kalori 90, nao wapishi wengi huunga kwa upawa.

Tahadhari moja kubwa. Upunguzaji huu ni wako, usiwe wa watoto. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na anahitaji nishati nyingi kwa kila tonge, na mafuta au karanga kwenye bakuli lake ni msaada wa kweli kwa ukuaji wake. Pika mboga ya mafuta machache, jipakulie, kisha waongezee watoto kwenye sehemu yao.

Vinywaji, asali, na imani juu ya mtama

Kuhusu vinywaji sitakaa sana, maana hesabu yake ni nyepesi. Bia ya nusu lita ina kalori kama 200, soda ya chupa kama 140. Pombe ya kienyeji ya mtama ina kilevi na unga wake pia. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, mara nne kwa siku, inakaribia kalori 200.

Asali inahitaji neno zaidi, kwa sababu misitu ya Manyoni na Itigi inatoa asali nzuri na watu wengi wanaitumia kama dawa ya kupungua: maji ya uvuguvugu, ndimu, asali vijiko viwili, kila asubuhi. Kijiko cha chakula cha asali kina kalori kama 60, zaidi ya kijiko hichohicho cha sukari, kwa kuwa asali ni nzito. Inywe kwa utamu wake ukitaka, lakini ihesabu.

Vivyo hivyo ugali wa mtama na uwele. Unga wa mtama, wa uwele na wa mahindi vyote vina kalori kama 350 au zaidi kidogo kwa gramu 100. Tofauti ni kwamba mtama na uwele uliosagwa bila kukobolewa, kama ilivyo dona, una nyuzinyuzi zinazokushibisha muda mrefu. Ni chaguo bora, mradi bonge lisiwe kubwa mara mbili kwa sababu tu "huu haunenepeshi". Kadiria bonge la ukubwa wa ngumi yako, kisha nusu ya sahani ijae mboga za majani.

Je, uligoma baada ya mavuno?

Hili halimo kwenye miongozo iliyoandikiwa watu wa miji ya mbali. Singida tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mjini, wengi wana shamba. Ulianza kupungua lini? Kama ni Januari, basi ulikuwa unapalilia Jumamosi na jioni, na chakula cha ndani kilikuwa kinapungua. Ukifika Juni, jembe limepumzika, ghala limejaa, harusi zimeanza na upepo wa kiangazi unamfanya mtu abaki ndani. Hukubadilisha mpango wako. Msimu ndio uliobadilika. Saa moja ya kulima kwa jembe la mkono hukaribia kazi ya saa mbili za kutembea kawaida, kwa hiyo ukiacha shamba unahitaji kitu cha kushika nafasi yake kuanzia Mei, usisubiri mizani ikuambie.

Kutembea saa moja kwa mwendo wa kuwahi kunamchomea mtu wa kilo 80 kalori kama 200 zaidi ya ambazo angetumia akikaa. Acha bodaboda kwa safari zisizozidi nusu saa ya miguu. Huhitaji kukimbia. Tunajivunia Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo Septemba 2025, lakini tazama hesabu: kilomita 42 zinamchomea mtu wa kilo 60 kalori kama 2,500, ambazo zimo kwenye theluthi moja tu ya lita ya mafuta. Mazoezi yatakupa moyo wenye nguvu, usingizi mzuri na uzito usiorudi. Kuziba tundu la dumu kwa mazoezi peke yake ni kazi isiyo na mwisho.

Kuna mazoezi mengine ambayo waliogoma huyasahau, ya nguvu. Unapopungua, karibu robo ya uzito unaotoka si mafuta; ni misuli na tishu nyingine. Ukipoteza misuli unapunguza zaidi matumizi ya mwili, ndipo kugoma kunapoanzia. Mara tatu kwa wiki, kaa na kusimama kwenye stuli mara kumi na tano bila kushika kitu, pumzika, rudia mara tatu. Sukuma ukuta kwa mikono, ukizoea sukuma kutoka kwenye benchi. Beba dumu la maji la lita 10 kila mkono ukizunguka uwanja. Ni kilo ishirini, na hazihitaji chumba cha mazoezi.

Misuli inahitaji protini katika kila mlo, asubuhi ikiwemo, wakati ambapo wengi tunakunywa chai kwa maandazi tu. Mayai mawili ya kuchemsha, glasi ya maziwa ya mgando, kikombe cha choroko au kunde, kiganja cha kuku, dagaa: chagua kimoja kila unapokula. Protini pia inatuliza ile hamu iliyopanda. Na ulale. Katika jaribio moja la mwaka 2010, watu waliokula kalori sawa lakini wakapunguziwa usingizi hadi saa tano na nusu walipoteza mafuta machache kwa zaidi ya nusu kuliko walipopewa muda wa saa nane na nusu kitandani.

Watu wanaokupenda

Umepungua, na sasa shangazi anauliza mbele za watu, "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Swali hilo lina historia nzito ya maradhi yaliyowaliza wengi, kwa hiyo usilichukulie kama uchokozi. Lakini lina nguvu ya kukurudisha kwenye sufuria. Jibu linalopokelewa kwa heshima ni lile la hospitali: "Shangazi, presha ilikuwa juu, nimeambiwa nipunguze mafuta." Ukweli huo hufunga mjadala, na mara nyingi shangazi mwenyewe ataanza kukupikia mboga ya kuchemsha.

Ugenini, kukataa chakula ni kumdharau mwenyeji. Pakua kidogo sana mwanzoni, kwa sababu utaongezewa hata ukikataa. Ukiongezewa mara ya pili, sema, "Ahsante mama, nimeshiba, naomba hiki nikibebe nyumbani." Mnapokula sinia moja, hesabu ya sahani inapotea; omba sahani yako kwa siku za kawaida, na sinia libaki kwa siku za sherehe.

Pale ambapo chakula hakina kosa

Ukiwa umefuata haya kwa wiki nane na hakuna kinachosogea, nenda na orodha ya dawa zako. Sindano ya uzazi wa mpango huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Prednisolone, amitriptyline, insulini na glibenclamide zinaweza kufanya hivyo, na dawa za ARV zenye dolutegravir zimeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya watumiaji. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Mwenye kisukari anayetumia glibenclamide au insulini asipunguze chakula kabla ya kumwona daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla hadi akapoteza fahamu. Tezi ya shingoni inayofanya kazi taratibu nayo huzuia uzito kushuka; kama pia unasikia baridi kuliko wenzako, choo kigumu na uchovu usioisha, omba kupimwa. Mjamzito na anayenyonyesha mtoto mchanga wasifuate mwongozo huu kabisa. Na kama uzito unashuka bila wewe kutaka, pamoja na kikohozi au homa za jioni, hilo ni la kupimwa kifua kikuu mara moja.

Halmashauri yako ina afisa lishe. Mtafute, ushauri wake hauna biashara ndani yake. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwa simu nyingi zina majani ya kuharisha: unapoteza maji na madini, mizani inashuka siku tatu, mafuta yako palepale.

Unapoanza marekebisho, badilisha jambo moja tu kwa wiki nne, na liwe dumu. Ukibadilisha matano kwa mpigo hutajua lipi lilifanya kazi, na ukichoka utaacha yote. Uzito ukisogea hata kwa kilo moja, endelea na hilohilo. Usiposogea, ongeza la pili.

Jiulize pia kama unahitaji kuendelea kushuka sasa. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa hatarini kupata kisukari waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 92, hizo ni kilo sita na nusu. Wewe umetoa kumi. Kama presha imeshuka na sukari ni nzuri, kula ulivyo sasa kwa miezi miwili au mitatu bila kuongeza kilo, kisha mvua za kwanza zikinyesha na jembe likitoka stoo, anza tena kushuka.